Aulizwe Aliyemwogesha

Wodi huamkia maji. Kabla ya raundi ya madaktari, kabla dawa za asubuhi hazijagawiwa, mabeseni hupita kati ya vitanda na shuka za usiku hukusanywa. Anayejiweza hubeba ndoo yake kwenda bafuni. Asiyejiweza husubiri mkono wa mtu. Kazi ikiisha, kwenye faili huandikwa kwamba mgonjwa ameogeshwa, basi. Joto la mwili lina tarakimu zake, shinikizo la damu lina zake, mkojo hupimwa kwa mililita. Kuoga hupewa alama ya tiki, na mara nyingi hata tiki hiyo haipo, kwa sababu aliyemwogesha si muuguzi bali ni binti yake aliyefika alfajiri na chupa ya uji.

Kazi hii tumeiweka pasipo pake. Tumeihesabu pamoja na kudeki sakafu na kumwaga taka, kazi ya mwanafunzi wa mwaka wa kwanza au ya ndugu aliyekosa kazi nyingine ya kupewa. Mimi naiona kuwa ni tiba kamili, na zaidi ya hapo ndiyo uchunguzi mrefu kuliko wote anaofanyiwa mgonjwa kwa siku. Daktari husimama kando ya kitanda dakika chache, akasikiliza kifua, akabonyeza tumbo, akaenda kwa mwingine. Anayeogesha hupita mwili mzima, kuanzia paji la uso hadi katikati ya vidole vya miguu, akiugusa, akiugeuza, akiuona mahali ambapo hata mwenye mwili hajawahi kupaona. Asipojua anachokitafuta, nafasi hiyo hupotea, na hairudi hadi kesho.

Tuanze na ngozi yenyewe. Ya mtu mzima ikitandazwa hukaribia mita 2 za mraba. Hakuna kiungo kikubwa kuipita. Huzuia maji ya mwili yasitoke ovyo na vijidudu visiingie, hupoza mwili kwa jasho, huleta habari za joto, maumivu na mguso. Tabaka lake la juu hujifanya upya kwa muda wa takriban wiki 4. Uso wake una tindikali kidogo, pH ya karibu 5, hali ambayo vijidudu vingi vya maradhi haviipendi. Ngozi huyafanya yote haya bila kudai kitu, na mwenye afya huisaidia bila kujua: anapolala hujigeuza mara nyingi usiku, hukunja mguu, hunyoosha mkono, huhamisha uzito kutoka nyonga moja hadi nyingine. Kiharusi, uti wa mgongo uliovunjika, koma, homa kali na uzee humnyang'anya uwezo huo. Hapo inatakiwa mikono ya mtu aliye macho ifanye yaliyokuwa yakifanywa usingizini.

Mikono hiyo isipokuwepo, kidonda cha kulalia hakichelewi. Mfupa uko ndani, godoro liko nje, ngozi na nyama vimebanwa katikati. Uzito unapokaa hapo, mishipa midogo ya damu hufungwa kama mpira wa bustani uliokanyagwa, na sehemu ile hukosa damu. Kwa mgonjwa dhaifu saa chache zatosha nyama kuanza kufa. Mahali ni palepale siku zote: kwenye kifandugu, nyonga, visigino, vifundo vya miguu, viwiko, kisogo, hata masikio. Mara nyingi madhara huanzia chini, karibu na mfupa, na kinachoonekana juu ni kidogo kuliko kilichoharibika ndani. Ndugu huona doa, wakapaka dawa, wakasubiri likauke. Baada ya siku chache ngozi hupasuka na chini yake kuna shimo.

Mgandamizo una wenzake. Mgonjwa aliyeinuliwa kwa mito akaachwa hivyo huteleza kidogo kidogo kuelekea miguuni. Ngozi yake hushikwa na shuka wakati mfupa unashuka, na mishipa ya damu katikati huvutwa hadi ikachanika. Anayemvuta kumrudisha juu kwa kumshika makwapa humwongezea jeraha lilelile. Mkojo na kinyesi vikikaa huilainisha ngozi ikawa nyepesi kuchubuka. Chakula duni huichelewesha kujijenga. Kwa hiyo beseni la maji, shuka kavu, watu wawili wa kumnyanyua kwa shuka iliyokunjwa chini ya mgongo, na yai au bakuli la maharage ni matibabu ya ugonjwa mmoja.

Sasa lipo jambo linalotuhusu sisi hasa, watu wa ngozi nyeusi. Vitabu vingi vya uuguzi vinavyosomwa vyuoni kwetu vimeandikwa Ulaya na Marekani, na alama ya kwanza ya hatari wanayofundishwa wanafunzi ni wekundu usiofifia ukibonyezwa kwa kidole. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo mara nyingi hauonekani. Muuguzi anaweza kutazama kifandugu cha mgonjwa kila siku kwa nia njema, asione kitu, hadi kidonda kifunguke. Alama zipo, ila ni za namna nyingine: sehemu iliyokolea weusi au kuelekea zambarau kuliko ngozi ya jirani; joto lisilo la kawaida, au baridi; ugumu chini ya ngozi, au ulaini wa kubonyea; maumivu ambayo jana hayakuwepo. Nyingi kati ya hizi ni za kuhisiwa kwa kiganja kabla ya kuonekana kwa jicho. Anayemfuta mgonjwa mgongo kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu anacho kipimo mkononi tayari. Linalotakiwa ni afundishwe kukitumia, na akisema amehisi kitu asikilizwe.

Wanaoujua uuguzi waliliona hili zamani. Katika kitabu chake cha uuguzi kilichochapishwa mwishoni mwa mwaka 1859, Florence Nightingale aliweka sura nzima juu ya usafi wa mwili wa mgonjwa, na alishikilia kwamba kidonda cha kulalia kwa kawaida ni kosa la uuguzi, wala si la maradhi. Mwaka 1962 muuguzi mwingine wa Uingereza, Doreen Norton, na wenzake walitoa utafiti wao juu ya wagonjwa wazee hospitalini. Katika zama ambazo kila wodi ilikuwa na dawa yake ya kupaka mgongoni, wao walionyesha kuwa kinachookoa ngozi ni kumgeuza mgonjwa na kumwondolea mgandamizo. Norton aliacha kipimo chenye vipengele 5, na mwaka 1987 Barbara Braden na Nancy Bergstrom wa Marekani wakachapisha kingine chenye vipengele 6. Vyote viwili huuliza mambo ambayo anayeogesha anayajua kabla ya mtu mwingine yeyote: anajigeuza mwenyewe? analowa? ana fahamu zake?

Mfano mkubwa kuliko yote ni wa daktari. Ludwig Guttmann, Myahudi aliyeikimbia Ujerumani ya Wanazi mwaka 1939, alikabidhiwa mwaka 1944 wodi ya waliovunjika uti wa mgongo katika hospitali ya Stoke Mandeville, Uingereza. Wakati huo askari waliopooza walihesabiwa kuwa ni watu wa kufa, na waliowaua wengi wao hazikuwa risasi bali vidonda vya kulalia na maambukizi ya njia ya mkojo. Guttmann aliamuru wageuzwe kila baada ya saa 2, usiku na mchana, wasafishwe, wasiachwe kwenye unyevu. Wakapona vidonda, wakakaa, wakatoka vitandani. Tarehe 29 Julai 1948, siku ileile ilipofunguliwa Olimpiki ya London, watu 16 wenye viti vya magurudumu walishindana kulenga shabaha kwa upinde kwenye uwanja wa hospitali hiyo, na humo ndimo ilimoanzia safari iliyozaa Paralimpiki. Watu hushangilia medali. Lakini medali zisingekuwepo kama wauguzi wa zamu ya usiku wasingewageuza wale askari gizani, mmoja baada ya mwingine, na kuwageuza tena.

Nimemtazama muuguzi wa miaka mingi akiifanya kazi hii katika wodi moja ya wanaume huku pwani. Mgonjwa alikuwa mzee aliyepooza upande wa kushoto.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu."

"Maji yako tayari. Tuoge sasa, au upumzike kwanza kidogo?"

"Tuoge. Ila hilo pazia."

"Nalifunga, babu. Haoni mtu."

Alilivuta pazia hadi mwisho, akaibana kwa pini sehemu iliyokuwa ikiachia upenyo. Alichovya sehemu ya ndani ya mkono wake kwenye beseni kupima joto la maji. Akaanza na macho, bila sabuni, kutoka pembe ya puani kwenda nje, kila jicho na upande wake wa kitambaa. Kisha uso, masikio, shingo. Alifunua mkono mmoja, akaosha, akasuuza, akakausha kwa kubonyeza taulo bila kusugua, akaufunika, ndipo akafunua mwingine. Wakati wowote ule sehemu moja tu ya mwili wa yule mzee ilikuwa wazi. Aliosha makwapa, kinena na mikunjo ya tumbo, mahali ambapo jasho hukaa na fangasi hupenda. Miguuni alipitisha kitambaa katikati ya kila kidole na kukausha hadi pakavu. Alipofika sehemu za siri alikwenda kumwaga maji na kuleta mengine safi, akabadilisha glavu na kitambaa.

Mazungumzo yao yalikuwa ya bei ya samaki. Alipomgeuza mzee kwa ubavu na kupitisha kiganja kwenye kifandugu, samaki wakasahaulika.

"Babu, hapa pakoje?"

"Panawaka kidogo. Tangu usiku."

Kwa macho mimi sikuona tofauti yoyote. Aliniambia niweke kiganja, kwanza juu ya kiuno, kisha pale. Palikuwa pa moto na pagumu. Usiku mzee alikuwa ameinuliwa kwa mito ili apumue vizuri, akateleza hadi katikati ya kitanda. Muuguzi hakupasugua. Alipakausha, akapaka mafuta ya mgando kuzunguka sehemu inayolowa, akamlaza kwa ubavu wa kulia akiegemea mto, akaweka mto mwingine chini ya mashavu ya miguu ili visigino vielee hewani. Akaandika kwenye chati: mahali, joto, ugumu, saa. Kidonda ambacho kingekuwa shimo kiliishia pale, kwa sababu mtu aliyejua alikuwa anaogesha.

Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Uji huletwa tu, akinywa amekunywa. Maji ya kuoga ni lazima aulizwe, maana kuvuliwa nguo na mtu mwingine ni jambo zito kwa mtu mzima aliyezoea kujisitiri. Mtu aliyeheshimiwa mtaani, aliyesuluhisha ndoa za watu na kusimamia misiba, anajikuta hana uamuzi hata juu ya shuka yake. Akiulizwa kama aoge sasa au baadaye, kama maji yaongezwe moto, kama aanze mwenyewe kuosha uso kwa mkono unaofanya kazi, anarudishiwa sehemu ya mamlaka aliyokuwa nayo. Mswaki nao usisahauliwe. Mgonjwa asiyeweza kumeza vizuri akiachwa na kinywa kichafu, vijidudu vya kinywani huweza kushuka kifuani vikaleta nimonia.

Kwetu kuna pia ugumu wa undugu. Binti humpenda baba yake, lakini kumwosha ni mtihani kwa wote wawili. Mkwe na mkwewe hawatazamani hovyo, sembuse kuvuana nguo. Nimeona mzee akikataa kuoga kwa sababu aliyekuwepo siku hiyo ni mke wa mwanawe, na nimeona mke huyo akilia nje ya wodi kwa kutojua afanye nini. Muuguzi yuko nje ya mtandao huo wa aibu na heshima. Sare yake humruhusu kugusa ambapo undugu unakataza. Hiyo ni sababu tosha ya hospitali kutowaachia ndugu kazi yote. Ikiwezekana, aliye wa jinsia moja na mgonjwa ndiye amwoshe. Kwa Mwislamu kuna la ziada: kusafishwa vizuri ni sharti la sala yake, na anayeletewa maji ya udhu kabla ya wakati, au akakumbushwa kwamba asiyeweza kutumia maji ana ruhusa ya kutayamamu, hupata utulivu ambao haupo ndani ya kidonge chochote.

Sehemu kubwa ya uuguzi huu, hata hivyo, hufanyika nyumbani. Mgonjwa anaruhusiwa, ndugu wanapewa karatasi ya dawa, hiki mara mbili, hiki mara tatu. Kuhusu ngozi hawaambiwi kitu, au wanaambiwa tu wamgeuzegeuze. Wanarudi baada ya muda na kidonda kinachonuka, na pale mapokezi huulizwa kwa ukali kwa nini wamemtupa mgonjwa. Hawakumtupa. Walikesha naye, wakimpangusa kwa upendo wote, ila hakuna aliyewaonyesha.

Na tunajua inawezekana kuonyesha, kwa kuwa Afrika Mashariki ilishawahi kuifundisha jamii nzima. UKIMWI ulipoingia, na wagonjwa wa kwanza Tanzania kugunduliwa Kagera mwaka 1983, woga wa kugusa ulikuwa mkubwa kuliko ugonjwa wenyewe. Mwaka 1987 Noerine Kaleeba na wenzake walianzisha TASO, shirika la kuwasaidia wagonjwa wa UKIMWI, nchini Uganda, na katika miaka iliyofuata wahudumu wa kujitolea wakasambaa vijijini na mitaani, nchi hadi nchi, wakiwa na sabuni, glavu na mafuta, wakiwafundisha akina mama na vijana kuosha, kugeuza na kukausha. Palipokosekana glavu, walivaa mifuko ya plastiki mikononi. Watu walioogopwa kuguswa waliogeshwa. Elimu ile haikuhitaji mashine wala umeme.

Jirani yetu mmoja aliyemuuguza mumewe baada ya kiharusi alibahatika kupata muuguzi aliyemketisha na kumwonyesha kwa vitendo. Alichukua daftari la shule la mjukuu wake akalipiga mistari: saa 12 asubuhi ubavu wa kulia, saa 2 chali, saa 4 ubavu wa kushoto, hadi usiku. Pembeni aliacha nafasi ya maneno. Kisigino cha kushoto kina joto. Pamepoa. Amekula yai. Kijana wao, akirudi kupaki bodaboda saa 5 usiku, alimgeuza baba yake kabla hajavua koti, akatia sahihi. Saa hizo mbilimbili si amri isiyobadilika. Mwenye godoro zuri na ngozi imara huweza kwenda zaidi, na aliye dhaifu huhitaji mapema kuliko hapo. Daftari ndilo lililowajulisha. Mume yule aliishi na ngozi nzima.

Kufundisha ni pamoja na kuwaachisha watu mazoea mabaya. Wengi bado wanasugua sehemu iliyoanza kuharibika kwa spiriti na poda, kama walivyofundishwa wazee wao wa kazi. Kusugua kunamalizia nyama ambayo ilikuwa bado inapigania uhai. Wengine huweka pete ya mpira chini ya makalio, nayo huhamishia mgandamizo pembeni na kuzuia damu isifike katikati. Glavu iliyojazwa maji chini ya kisigino, iliyozoeleka katika wodi nyingi, haikiokoi kisigino. Mto chini ya shavu la mguu hukiokoa. Sabuni ya kawaida ya kipande ni alkali, na ikitumiwa kwa wingi bila kusuuzwa huiondolea ngozi tindikali yake na mafuta yake. Sabuni kidogo, maji ya kutosha, taulo la kubonyeza, kisha mafuta, yawe ya mgando au ya nazi, ila si katikati ya vidole vya miguu. Hayo mtu huyajua kwa nusu saa akionyeshwa.

Nightingale alikuwa mkali, na ukali wake una upande usiotosha. Zipo ngozi ambazo huharibika hata pale kila kitu kimefanywa sawasawa, hasa kwa mgonjwa anayeelekea mwisho, na hapo wajibu unabaki kuwa kumpunguzia maumivu na harufu, kumsitiri. Na muuguzi aliyeachiwa wodi nzima peke yake zamu ya usiku hawezi kugeuza watu kila saa 2, hata awe na moyo wa namna gani. Kumlaumu yeye ni kumpa mzigo wa walioamua idadi ya wauguzi, shuka na magodoro. Kidonda cha kulalia ni taarifa juu ya hospitali nzima, na juu ya bajeti ya nchi, iliyoandikwa kwenye mwili wa asiyeweza kujigeuza.

Ninachotaka, kwa hiyo, ni mambo mawili yasiyosubiri bajeti mpya. La kwanza, mgonjwa asiyejigeuza asiruhusiwe kwenda nyumbani kabla ndugu mmoja hajamwogesha mbele ya muuguzi na kuweka kiganja chake penye kifandugu na visigino, akajua ngozi nzima inahisije. La pili, raundi ya asubuhi, pamoja na madaktari wake, wanafunzi wake na mafaili yake, ianze kwa kumgeukia mtu mmoja. Awe ni muuguzi bingwa, awe ni mwanafunzi, awe ni binti wa mgonjwa aliyekuja na chupa ya uji, aliyemwogesha aulizwe: umeona nini, umehisi nini, wapi? Na jibu lake liandikwe kwenye faili kwa maneno kamili, juu kabisa, kabla ya joto na shinikizo la damu.